Navaa fulana tatu ili nionekane nina mwili

Shikamoo Anti,

Mimi ni kijana wa kiume, nina miaka 24, nakusoma siku nyingi ila sijawahi kukuandikia. Najua wanaokuandikiaga wengi ni wadada na hili langu nikiwaambia washkaji watacheka mpaka wadondoke chini, ndo maana naona bora nikwambie wewe ambaye hunioni.

Tangu mdogo nilikua mwembamba sana. Shuleni wakaniita Njiti, yani njiti ya kiberiti, hata walimu wawili walikua wananiita hivyo mbele ya darasa, jina likanifuata mpaka nyumbani na mpaka leo binamu zangu wakipiga simu hawasemi jina langu wanasema "Njiti vipi". Mimi nacheka nao. Sijawahi kuwaambia kwamba kila wakisema naumia.

Nilipofika miaka 20 nilikua na kilo 54, urefu wangu sentimita 175, nikasema basi inatosha nikaanza jimu. Mwanzoni ilikua raha Anti, nilikua nalala vizuri, nikapata marafiki. Sa hivi nina kilo 71. Watu wananiambia umejazia, mzee umekua baunsa, nadhani wananihurumia tu, kwasababu nikisimama mbele ya kioo namuona Njiti yule yule, mikono imening'inia kama kamba.

Kila asubuhi kabla sijatoka navaa fulana tatu. Ya kwanza ya kubana, ya pili nzito nimeikata mikono mwenyewe ili mshono ukae pale kwenye bega mabega yaonekane mapana, ya tatu ya kawaida, alafu ndo shati. Jua likiwaka jasho linachuruzika mgongoni mpaka kiunoni na kazini nagombania kiti cha karibu na feni, wenzangu wanadhani napenda upepo. Kwenye begi natembea na futi kamba ya fundi cherehani. Naenda nayo chooni nafunga mlango napima mkono, asubuhi 34 mchana 33 na nusu, na hiyo nusu sentimita inaniharibia siku nzima, kazi siifanyi. Kuna siku nimepima mara kumi na kitu.

Nina mpenzi, tuna miezi minane, hajawahi kuniona bila fulana taa ikiwa inawaka. Alipanga twende kuogelea na marafiki zake nikasema naumwa. Aliposti picha yetu tukagombana mpaka akaifuta huku analia, anafikiri nina mtu mwingine ndo maana sitaki tuonekane. Na mwezi uliopita nilifanya kitu sitajisamehe, rafiki yangu wa damu ameoa na mimi nilitakiwa nisimame nae, sikwenda. Suti waliyotushonea ilikua ya kubana, fulana tatu haziingii. Nilizima simu nikakaa ndani gizani siku nzima.

Sasa kuna jamaa jimu anasema atanipa sindano, wiki kumi tu na nitasahau kama niliwahi kuitwa Njiti, wapo wawili wamechoma na kweli wamebadilika kama wamepuliziwa pampu. Nimemwambia nitampa jibu mwisho wa mwezi. Anti niambie ukweli, hizo sindano zina madhara kweli au ni watu kutuogopesha? Na mimi ni mgonjwa au ni mtu nisie na shukrani tu? Maana usiku mwingine nawaza hata nisingekuwepo ingekua nafuu kwa kila mtu.

Njiti

*

Marahaba mwanangu.

Jina ulilosaini sitalitumia, limeshatumika vya kutosha.

Naanza na ile sentensi ya mwisho uliyoipitisha haraka haraka kama kitu kidogo. Unawaza nisingekuwepo. Nakuuliza wazi kabisa, unawaza kujiua? Umeshafikiria utafanyaje? Kama jibu ni ndio au hata "sijui", usimalize kusoma hii barua kwanza, mpigie mtu mmoja unaemuamini sasa hivi aje akae na wewe, na nendeni hospitali iliyo karibu mkamwambie daktari maneno hayo hayo uliyoniandikia mimi. Nakuuliza kwasababu hali uliyonayo inajulikana kwa kuwaletea watu mawazo ya namna hiyo, wengi tu, na kuulizwa moja kwa moja hakumpandikizii mtu wazo, kunampa nafasi ya kulitua. Usiku ukiwa mbaya usikae peke yako kwenye chumba chenye kioo.

Sasa maswali yako. Wewe sio mtu asie na shukrani. Ulichoniandikia kina dalili zote za ugonjwa unaojulikana, japo kuuthibitisha ni kazi ya daktari atakaekaa na wewe uso kwa uso. Daktari mmoja wa Italia, Enrico Morselli, aliuandika mwaka 1891, watu ambao kasoro ndogo ya mwili, au kasoro ambayo wengine hata hawaioni, inawakaa kichwani masaa kwa masaa kila siku mpaka maisha yanasimama. Madaktari wanauita dismofia ya mwili. Unakuta kwa kama watu 2 katika kila 100, mara nyingi unaanza kwenye umri wa balehe, na wanaume wanaupata karibu sawa na wanawake, ila wanaume hawasemi. Mwingine unamshika kwenye pua, mwingine ngozi, mwingine nywele. Wa kwako umekaa kwenye misuli, na huo nao una jina lake, dismofia ya misuli, daktari wa Marekani anaitwa Harrison Pope na wenzake walianza kuuandika miaka ya 1990 baada ya kukutana na wanaume wa jimu waliokua na miili mikubwa kabisa alafu wanajifunika kwa manguo kwasababu wanajiona wadogo. Soma tena hapo mwanangu. Wanaume wakubwa, wanajifunika, wanajiona wadogo. Wewe na fulana zako tatu hamko peke yenu.

Nimepiga hesabu ya namba ulizonipa. Kilo 54 kwa sentimita 175 ulikua mwembamba kweli, chini ya kiwango ambacho madaktari wanakiita cha kawaida, sikatai. Kilo 71 kwa urefu huo huo upo ndani kabisa ya kiwango cha afya. Umeongeza kilo 17. Hizo ni kilo za mtoto wa miaka minne au mitano, umembeba mwilini mwako miaka minne, na kioo hakijabadilika hata kidogo! Sasa niambie, hizo wiki kumi za sindano zitakupa kilo ngapi ambazo zitafanya kazi iliyoshindikana na kilo 17? Kama tatizo lingekua mkono, lingeisha mkono ulipokua. Kilichoumia ni jicho, na jicho halichomwi sindano.

Na hiyo nusu sentimita inayokuharibia siku, nataka tuiangalie vizuri maana ndo imekushika shingo. Chukua futi kamba upime mara tatu mfululizo bila kutoka hapo ulipo, utapata namba tatu. Ukikaza kidogo inashuka, ukisogeza kidole kimoja juu ya kiwiko inabadilika, ukikunja mkono mwingine tena. Ukitoka kunyanyua vyuma damu imejaa kwenye msuli mkono unaongezeka, baada ya saa moja mbili damu inarudi zake na mkono unarudi ulivyokua. Hata uzito wa mtu mzima mwenye afya unapanda na kushuka kilo moja au hata mbili ndani ya siku moja, maji tu hayo na chakula kilichopo tumboni. Msuli haujengwi wala haupotei kati ya asubuhi na mchana. Unajifungia chooni kupima jinsi ulivyoishika kamba.

Halafu jinsi unavyopima zaidi ndivyo unavyozidi kujiona mdogo. Mwenye hali hii akijitazama macho yanang'ang'ania kipande, bega, kigimbi, mshipa, yanaacha mtu mzima aliesimama pale. Jaribu kulitamka neno moja mara hamsini uone kama halitageuka sauti tu isiyo na maana. Mkono wako umeutazama mara elfu.

Jicho linafundishwa na linafundishwa haraka kuliko tunavyodhani. Kuna kitu kilitokea Fiji, nchi ya visiwa kule bahari ya Pasifiki, ambacho mimi sikisahau. Kule mwili mnene wenye nguvu ndo ulikua unasifiwa, mtu akikonda wanajua ana shida. Mwaka 1995 televisheni ikafika kwa mara ya kwanza mkoa mmoja unaitwa Nadroga, na Anne Becker, daktari na mwanaanthropolojia wa Marekani, akawauliza wasichana wa shule maswali mwaka huo na kuuliza tena wasichana wa rika hilo hilo mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadae walikua asilimia 11.3, na walisema wenyewe wanataka kufanana na wanaowaona kwenye skrini. Miaka mitatu tu, na wakati huo hakuna simu janja wala filta. Wavulana nao wana la kwao, huyo huyo Pope na wenzake walipima midoli ya kiume ya watoto, ile ya wanajeshi na mashujaa, wakakuta ya miaka ya 1960 ilikua na mwili wa kijana wa kawaida, na baadhi ya ile ya miaka ya 1990 ukiikuza ifike kimo cha binadamu mkono wake unakua mnene kuliko wa mtunisha misuli yeyote aliewahi kuishi. Mtoto wa miaka mitano anachezea hicho. Wewe sasa ongeza simu, ambayo unajua kabisa yule jamaa kabla ya picha kapiga tizi damu ikajaa, kapunguza maji, kasogea kwenye taa inayotoka juu, kapiga picha themanini kachagua moja, alafu kaipitisha kwenye programu. Unamlinganisha na wewe umesimama chooni kazini na kamba ya cherehani. Ufaransa tangu 2017 tangazo lenye mwanamitindo ambae mwili wake umekondeshwa au kunenepeshwa kwa kompyuta lazima liandikwe kwamba picha imechezewa, na Norway nao sheria yao ikaanza kufanya kazi mwaka 2022. Nchi nzima zimekaa bungeni kwa ajili ya kitu hichi. Usione aibu kwamba kimekuumiza.

Sindano. Umeniomba ukweli nitakupa wote, na sitakudanganya kwamba hazijengi, zinajenga, ndo maana wale wawili wamebadilika. Sindano za jimu kwa kawaida ni steroidi, yani homoni ya kiume ya kutengenezwa, testosteroni au ndugu zake, na kuna wagonjwa wanaandikiwa na daktari kwa vipimo. Ila ukijichoma dozi za jimu ubongo unaona homoni imejaa unaacha kutoa oda kwa korodani. Korodani zikikosa oda zinalala, zinasinyaa, na mbegu za uzazi zinapungua, kwa wengine zinaisha kabisa mpaka miezi mingi baada ya kuacha, kuna wanaopitisha mwaka. Sehemu ya homoni hiyo mwili unaigeuza kuwa homoni ya kike, ndo maana kuna wanaume wanaota matiti na yakishakomaa yanatolewa kwa upasuaji. Ukuta wa moyo unanenepa, mafuta mazuri kwenye damu yanashuka, damu inaganda kirahisi. Chunusi, hasira za ghafla. Na chupa ya kununuliwa mkononi hujui ndani kuna nini, na sindano ikishirikiwa kuna virusi vya ukimwi na homa ya ini. Sio kila anaechoma anapata yote, kuna watakaokwambia mbona sisi wazima. Moyo haupigi kelele mapema.

Lakini kwako wewe kinachonitisha zaidi ni wiki ya kumi na moja. Dawa imeisha, korodani bado zimelala, mwili hauna homoni ya nje wala ya ndani, na hapo ndo watu wengi wanaangukia kwenye sonona nzito, hamu ya kila kitu inakatika, na misuli inaanza kupungua mbele ya macho yako. Macho yapi? Haya haya yanayolia kwa nusu sentimita! Mtu mwenye usiku kama wako hatakiwi kupelekwa hapo hata kwa bahati mbaya. Utarudia duru ya pili ili usishuke, na ya tatu. Mwambie huyo jamaa hapana, na usingoje mwisho wa mwezi, meseji ya maneno matatu inatosha, huna deni la maelezo kwake. Akikusumbua badilisha muda wa mazoezi au badilisha jimu.

Mazoezi sijakwambia uache. Ule mwanzo ulionisimulia, kulala vizuri na kupata marafiki, ulikua mzuri na nautaka urudi.

Kinachotibu hali hii kipo na watu wanapona. Tafuta daktari wa afya ya akili au mwanasaikolojia, mwambie neno dismofia, mwambie fulana, mwambie futi kamba, asikwambie tu "jiamini kijana" ukatoka. Wengi wanaenda kwa daktari wa ngozi au wa upasuaji miaka na miaka wakati hao hawana dawa yake. Tiba yenyewe ni ya mazungumzo na mazoezi ya vitendo, miezi kadhaa, mnafanya pamoja vile vitu unavyovikwepa, kidogo kidogo, mpaka mwili wako ujue kwamba ukitoka bila kujifunika hakuna kinachotokea. Na zipo dawa, za kundi lile lile linalotibu sonona, zinachukua wiki nyingi kuanza kufanya kazi kwahiyo ukipewa usiache wiki ya pili ukasema hazifai.

Wakati unasubiri hiyo siku ya kuonana na daktari kuna mambo ya kufanya hapo nyumbani. Futi kamba mpe mtu, leo, usiitupe maana utaenda kuifukua au utanunua nyingine, mpe mtu akae nayo. Fulana usivue tatu kwa mpigo. Anza na ile ya kati uliyoikata mikono, siku moja, safari fupi, mahali ambapo hakuna anaekujua. Utahisi kila mtu anakutazama, moyo utaenda mbio, usirudi ndani. Kaa nayo mpaka ule moto upungue wenyewe, unapungua nakuhakikishia, na kesho yake tena. Kwenye simu wale wote ambao ukimaliza kuwaangalia unaenda kwenye kioo, waondoe, hata kama ni rafiki.

Huyo binti, mwanangu, anateseka kwa kitu ambacho hakipo. Anaamini kuna mwanamke mwingine na wewe umemuacha aamini hivyo kwasababu kwako ni rahisi kuonekana msaliti kuliko kuonekana mwembamba. Hilo sio haki kwake. Mpe hii barua asome kama mdomo unakua mzito. Ila usimfanye kioo chako, usimuulize kila siku "naonekana vipi, nimepungua?", atajibu umependeza utapoa dakika tano alafu utauliza tena, nyote wawili mtachoka. Mwombe kitu kingine, akushike mkono siku ya kwanza ya fulana mbili.

Rafiki yako aliyeoa umesema hutajisamehe. Yeye hajui hata cha kukusamehe, anajua ulizima simu siku yake kubwa. Mfuate uso kwa uso, mwambie ile suti haikuniingia na fulana zangu nikaogopa. Ataduwaa. Labda atakasirika kwanza na ana haki. Lakini kama ni wa damu kama ulivyosema atakaa chini.

Na binamu zako. Hao nawasemea mimi kidogo, pamoja na wale walimu wawili na kila anaesoma hapa ambae salamu yake ni "mbona umekonda", "mbona umefura hivyo", "we mweusi sikuoni". Tunasema tunatania. Yule tunaemtania anacheka na sisi alafu anaenda kujifungia chooni na kamba. Mimi mwenyewe nina mtoto wa dada yangu nilikua namuita Kibonge tangu akiwa na miaka mitatu, akiwa na kumi na sita akanifuata jikoni akanambia taratibu "mama mdogo naomba uache", sauti ilikua inamtetemeka na alikua ameshika mlango kama mtu anaejiandaa kukimbia. Nikaacha siku hiyo hiyo. Nilidhani analipenda lile jina, miaka kumi na tatu yote.

Kwahiyo simu ya kwanza ikipigwa na binamu ikasema "Njiti vipi", usicheke. Sema jina lako, alafu endelea na stori kama kawaida. Wakirudia, sema tena. Wengine watalishika, mmoja wawili watagoma, hao kata simu.

Nakusubiri mwanangu. Niandikie ukishatoka siku ya kwanza na fulana mbili, hata kama ulirudi mbio kutoka getini, niandikie tu, na safari hiyo usaini jina ulilopewa na mama yako, mimi sitalichapisha.